Kipande Gani cha Njia ya Wapagazi? Kuchagua Matembezi Mafupi Yanayolingana na Mwili

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, katika chumba cha kusubiri cha kliniki yetu ya magonjwa yasiyoambukiza mkoani Shinyanga, mzee mmoja aliyewahi kuwa mchimbaji wa dhahabu alisimama mbele ya ramani iliyobandikwa ukutani. Aliweka kidole juu ya Nindo, akakiburuta polepole mpaka Salawe. "Hapa ndipo nitakapotembea," alisema. "Babu yangu alipita hapa na mzigo kichwani. Mimi nitapita mikono mitupu."

Wagonjwa wenzake walimpigia makofi. Walikuwa wametembea pamoja kwa miezi mitatu, siku tano kwa wiki, nusu saa kila siku, kandokando ya mashamba na viwanja vya mpira, na sasa walitaka safari moja ya kufungia msimu. Walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba watatembea katika njia ya kale ya misafara. Lililobaki ni kuchagua kipande. Mimi sikupiga makofi, kwa sababu mzee yule alikuwa na silikosisi, ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la mawe, na kwa sababu mwaka uliotangulia kipande nilichagua mimi, nikakosea.

Makala haya yanaeleza jinsi tulivyochagua safari hii. Tunayaandika kwa ajili ya mgonjwa anayetamani kutoka, na kwa ajili ya mhudumu wa afya anayeombwa ruhusa na hajui ajibu nini zaidi ya "ndiyo" au "hapana".

Njia yenyewe

Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde hadi Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Tangu mwaka 2006 njia hiyo imo katika orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Wengi wanaikumbuka kwa pembe za ndovu na kwa watumwa, na ni haki ikumbukwe hivyo. Lakini waliobeba mizigo humo kwa ujira, mwaka hata mwaka, walikuwa kwa sehemu kubwa Wanyamwezi na Wasukuma. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30.

Kutoka Tabora yalitoka matawi kuelekea kaskazini. Tawi la mashariki lilipita katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Shinyanga hadi kwenye ziwa la Nyanza. Mwezi Julai 1858 John Hanning Speke aliliandama tawi hilo pamoja na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wao, na tarehe 3 Agosti akalitazama ziwa kutoka kilimani Mwanza. Mwenziwe Richard Burton, aliyekuwa dhaifu kwa maradhi, alibaki kupumzika Kazeh, yaani Tabora ya leo. Speke mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa macho. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1861, alipita tawi la magharibi kupitia Uzinza, nchi ambayo kwa sehemu kubwa leo imo katika Mkoa wa Geita. Huko aliugua kifua vibaya, akakwama kwa wiki nyingi, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Msomaji asidhani kwamba ninayataja maradhi haya kama kichekesho cha historia. Njia ni ile ile, majira ni yale yale, lakini mmoja alifika na mwingine alibaki, na aliyefika mara ya kwanza alilazwa chini mara ya pili. Njia haikubadilika, miili ndiyo iliyotofautiana. Anayechagua kipande cha kutembea hana budi kuanzia hapo.

Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, miguu ya wapagazi ilikoma polepole. Leo hakuna kibao kinachoonyesha "njia ni hii". Sehemu nyingine imefunikwa na barabara ya lami, nyingine na mashamba ya pamba na mpunga, nyingine imebaki njia ya ng'ombe. Kwa hiyo hakuna aliyekwisha kutupimia umbali, kutuhesabia visima wala kutuonyesha pa kupumzikia. Kazi hiyo ni ya anayechagua.

Kosa la mwaka uliotangulia

Mwaka huo nilichagua kipande kwa macho. Nilitaka mahali ambapo mandhari ni wazi na upeo unaonekana mbali, nikapata mbuga tambarare yenye anga kubwa. Tulianza saa tatu asubuhi kwa kuwa gari lilichelewa. Kufika saa tano hapakuwa na mti hata mmoja, na barabara ya karibu ilikuwa kilomita nne nyuma yetu. Mama mmoja mwenye kisukari, aliyekuwa akitumia vidonge vya glibenklamaidi, alikuwa amemeza dawa yake alfajiri na kunywa chai tupu. Alianza kutokwa na jasho jembamba, mikono ikatetemeka, akanijibu swali ambalo sikumuuliza.

Sukari ilikuwemo. Ilikuwa ndani ya gari.

Kijana mmoja alikimbia kwenye boma la jirani, akarudi na kikombe cha maji ya sukari baada ya dakika ambazo sitaki kuzikadiria. Mama alipona, na baadaye alinitania kwamba nilitaka kumpeleka Ujiji. Lakini nilielewa kwamba dawa, jua, saa ya kuondoka na umbali wa barabara vilikuwa vimekutana mahali pamoja, na kwamba aliyevikutanisha ni mimi niliyechagua kipande kile. Hakuna kilichoharibika ambacho hakikuweza kuonekana siku moja kabla, mezani, kwa kalamu na karatasi.

Maswali matano kabla ya kuchagua

Safari hii tulikaa mezani. Tulijiwekea maswali matano, na kipande ambacho hakikupata jibu jema kwa yote matano tulikiacha, hata kingekuwa na historia gani.

La kwanza: Nani ana pumzi ndogo kuliko wote, na anaweza kwenda umbali gani? Jibu halipatikani kwa kuuliza, maana kila mtu husema "nitaweza". Tulitumia kipimo cha kutembea kwa dakika sita, ambacho kituo chochote cha afya kinaweza kukifanya: ukumbi au uwanja tambarare wenye urefu wa mita 30, alama mbili, saa na kiti. Mgonjwa hutembea kwenda na kurudi kwa mwendo wake, huruhusiwa kusimama, na mhudumu huhesabu mita. Mzee wetu alitembea mita 330. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma 95 kabla na 90 baada.

Mita 330 kwa dakika sita ni kilomita 3.3 kwa saa kwa mtu anayejitahidi. Kwa matembezi ya raha tulichukua theluthi mbili tu, yaani takriban kilomita 2.2 kwa saa. Kwa safari ya saa mbili inapatikana kilomita 4 na ushei. Basi kipande chetu kisingezidi kilomita 4 kwa jumla, na mahali pa kugeukia pasingezidi kilomita 2. Hesabu hii ni ya kwetu wenyewe, ya kutusaidia kupanga. Haichukui nafasi ya ushauri wa daktari kwa mgonjwa mmoja mmoja.

La pili: Kutoka mahali popote katika kipande hiki, gari linaweza kutufikia kwa dakika ngapi? Hatukuuliza gari liko wapi mwanzoni au mwishoni. Tuliuliza katikati, maana katikati ndipo matatizo hupenda kutokea. Tuliamua kuwa njia lazima iende sambamba na barabara inayopitika, na kwamba dereva hatalala.

La tatu: Kivuli kiko wapi? Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai huwa na ubaridi mtamu. Lakini saa tano jua ni jua. Mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo hupoteza maji upesi kuliko wenzake. Anayetumia atenololi asitegemee mapigo ya moyo kumwambia kwamba amejikaza mno, kwa kuwa dawa huyazuia yasipande. Ajipime kwa maneno. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo ni wa wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

La nne: Maji tutayapata wapi? Jibu sahihi ni: nyumbani. Kila mtu alibeba angalau lita moja na nusu ya maji yaliyochemshwa. Katika kanda yetu ya ziwa maji ya malambo, mito na majaruba ya mpunga yanaweza kuwa na vimelea vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi nzima bila kidonda. Mtembezi mwenye miguu ya moto hutamani sana kuitumbukiza majini, asifanye hivyo.

La tano: Ardhi chini ya miguu ikoje? Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia za nyayo hatasikia mwiba wa mgunga ukipenya soli ya kandambili. Wapagazi walifahamu taabu ya miguu: funza, mdudu aliyefika pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 19, alivuka bara pamoja na wasafiri, na miguu mingi ikalemaa. Tuliagiza viatu vilivyofungwa, vilivyokwisha kuvaliwa kwa wiki mbili au zaidi, na soksi zisizo na mshono mnene. Viatu vipya vilipigwa marufuku, hata vilivyonunuliwa kwa heshima ya siku hiyo.

Vipande vitatu mezani

Tulikuwa na mapendekezo matatu.

Cha kwanza kilikuwa kile cha mzee, cha Nindo na Salawe. Speke alipita katika nchi hizo mwaka 1858, na Nindo aliieleza kuwa pori. Kwa mtu ambaye babu yake alipagaa huko, hakuna kipande chenye maana kubwa zaidi. Lakini tulipouliza swali la pili, kimya kilitanda. Kuna mahali ambapo njia huachana na barabara, na kuna mahali ambapo simu haishiki. Kwa vijana wenye afya, wakiwa na mwenyeji wa kuwaongoza, ni matembezi mazuri ya siku nzima. Kwa kundi letu kilishindwa maswali mawili kati ya matano.

Cha pili kilikuwa mwisho wa njia, Mwanza, kwenye vilima vya mawe vya Isamilo. Ni kifupi, hospitali kubwa ziko karibu, na mtu akifika juu huona ziwa. Lakini ni cha kupanda. Kupanda humaliza pumzi ya mapafu yaliyokakamaa haraka kuliko umbali, na kushuka huumiza magoti ya wazee na vidole vya miguu vinavyojigonga mbele ya viatu. Tulikiacha kwa ajili ya mzee, ingawa wagonjwa wawili wa shinikizo la damu, walio imara na wenye vipimo vizuri, tuliwaambia wanaweza kukijaribu siku nyingine.

Cha tatu kilikuwa karibu na nyumbani, na mwanzoni hakuna aliyekipenda. Ni eneo la Old Shinyanga, nje kidogo ya mji, kando ya barabara inayoelekea Solwa. Huko kuna njia ya udongo, tambarare, inayopita kando ya ngitili, yaani hifadhi ya malisho na miti inayofungwa na wenyeji wakati wa mvua ili iokoe mifugo wakati wa kiangazi. Barabara haiko mbali. Kivuli kipo.

"Hapo si njia ya babu yangu," mzee alisema.

Hatuwezi kuapa kwamba ilikuwa hiyo wala kwamba haikuwa hiyo. Misafara haikufuata mstari mmoja; ilifuata maji, chakula na amani. Lakini nilimwambia jambo jingine kuhusu Old Shinyanga, nalo lilimfanya akae chini.

Kivuli kilichokatwa na kivuli kilichorudi

Katika miaka ya utawala wa Waingereza, Old Shinyanga ilikuwa makao ya idara ya utafiti wa mbung'o, chini ya C. F. M. Swynnerton. Ndorobo alikuwa akiua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale, na dawa zilikuwa chache. Njia mojawapo ya kumfukuza ilikuwa kukata pori. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu wa Shinyanga walikata miti eneo kubwa, kijiji kwa kijiji, ili mbung'o akose kivuli cha kukaa. Mbung'o alirudi nyuma. Kisha kilimo cha pamba, kuni na mifugo mingi vikaendeleza ukataji, mpaka watu wakaanza kuiita nchi yao jangwa.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi 2004. Wataalamu walianza kwa kutaka kupanda miche, lakini hatua kubwa ilipatikana walipoirudia desturi ya Wasukuma wenyewe ya ngitili. Visiki vilivyokuwa hai chini ya ardhi viliachwa vichipue. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti.

Nililitaja hilo kwa sababu lina funzo kwa sisi wa fani ya afya. Kivuli cha Shinyanga kiliwahi kukatwa kwa ajili ya afya, na uamuzi huo ulikuwa na sababu zake za kweli. Leo, ambapo shinikizo la damu na kisukari vinajaza kliniki zetu na Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima, hata mwenye ugonjwa wa kudumu, afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, kivuli kile kile ndicho kinachotuwezesha kumwambia mgonjwa "nenda ukatembee" bila kumdhuru. Anayefunga ngitili yake analisha ng'ombe wake, na pia anatuwekea mahali pa kutembea.

Mzee aliniangalia kwa muda. "Basi," alisema, "tuanze na hicho. Nindo haihami."

Kwa walio upande wa Geita

Mzee huyo alichimba kwa zaidi ya miaka 20 huko Nyarugusu na machimbo mengine ya Geita, kabla kifua hakijamrudisha nyumbani. Rafiki zake wengi bado wako huko, na walimwuliza kwa simu: sisi tutembee wapi?

Tawi la magharibi la njia ya kale lilipita karibu na kwao. Jina la Uyovu, lililopo leo wilayani Bukombe, limo katika shajara ya Speke ya mwaka 1861. Lakini katika ukanda wa dhahabu maswali matano hayatoshi; yanaongezeka mawili.

La sita ni maduara. Mashimo yaliyoachwa na wachimbaji hayana uzio, na mengine yamefunikwa na nyasi. Mtembezi abaki kwenye njia inayotumiwa na watu kila siku, asikate kona porini, asitembee gizani, na awe na mwenyeji anayejua wapi palichimbwa zamani.

La saba ni vumbi na zebaki. Kipande kisipite chini ya upepo wa karasha, maana vumbi la mawe yanayosagwa ndilo lililowaua rafiki zake mapafu. Haifai kulifuata kwa jina la mazoezi. Wala mtu asipumzike kwenye marudio, wala asinawe katika vidimbwi vya kuoshea dhahabu, wala asisimame karibu na mahali panapochomwa mchanganyiko wa zebaki na dhahabu. Mvuke wake hauonekani, na huingia kwa pumzi.

Yapo pia yanayomhusu kila mchimbaji, wa zamani na wa sasa, kabla hajafunga kamba za viatu. Silikosisi haina dawa ya kuifuta, na humwongezea mtu hatari ya kupata kifua kikuu. Aliye na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, aende kwanza kupimwa makohozi. Hilo ni kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake. Nje penye upepo hatari ya kuambukizana ni ndogo. Hatari iko ndani ya Hiace iliyofungwa vioo, saa nzima ya kwenda na saa nzima ya kurudi. Kipimo kikiwa salama, matembezi ya taratibu na ya mara kwa mara humsaidia mwenye mapafu yaliyoharibika apate nguvu ya misuli na kupungukiwa na adha ya kukosa pumzi, ingawa hayarudishi mapafu yalivyokuwa.

Siku ya safari

Tuliondoka mwishoni mwa Juni. Mzee alikuwa ametusimulia neno alilolipata kwa baba yake: kiongozi wa msafara aliwaamsha watu kabla ya mapambazuko, na mzigo uliwekwa chini kabla jua halijasimama. Tuliufanya huo kuwa utaratibu wetu. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa tayari, na tulikubaliana kuwa saa tatu tuwe tumemaliza.

Kabla ya hatua ya kwanza kila mmoja alipimwa. Kanuni zilikuwa chache. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi, akiwa chini ya 5, ale kwanza. Akiwa juu ya 13.9 na hajisikii vizuri, abaki. Mwenye shinikizo la 180 kwa 110 au zaidi, abaki na aonwe na tabibu. Mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea sana katika kanda yetu, avae sweta kwa ajili ya baridi ya alfajiri, anywe maji kabla ya kiu, na asishindane na mtu. Mwenye maumivu ya kifua asitembee kabisa.

Mama wa mwaka uliotangulia alikuwa amekula viazi na uji. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akanionyesha sukari, vijiko vinne vya chai. "Safari hii sikuiacha garini," alisema. Kiasi hicho kinatosha kwa mtu ambaye sukari yake imeshuka chini ya 4 na bado anaweza kumeza: anywe na maji, akae, apimwe tena baada ya dakika 15, na akipata nafuu ale chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Alazwe kwa ubavu na awahishwe kituo cha afya.

Tulimweka mzee mbele, ili mwendo wake uwe mwendo wa wote. Kila dakika kumi tulisimama. Migunga ilikuwa imeanza kupukutisha majani, lakini mkwaju mmoja mkubwa ulikuwa kijani kibichi, na tulikuwa tumeupima siku mbili kabla: kilomita moja na mita mia tisa kutoka garini. Hapo palikuwa mahali pa kugeukia.

Mzee alifika kwenye mkwaju saa moja na dakika arobaini. Kipimo kilisoma 91. Tulikuwa tumekubaliana kwamba chini ya 88 angesimama na kupumzika, na asingeendelea bila kupanda juu tena. Alikuwa mzima, alikuwa anaongea sentensi nzima, na mbele yetu njia ilionekana ikiinama kidogo kuelekea kwenye miti mingine. Vijana wawili walisema twende mpaka pale tu.

Nilisita. Huo ndio wakati mgumu kwa anayeongoza wagonjwa: vipimo ni vizuri, hewa ni ya ubaridi, na wote wana furaha. Lakini mkwaju tuliuchagua siku ambayo hakuna aliyekuwa na furaha wala uchovu, na kila hatua ya mbele ilikuwa hatua mbili za kurudi.

Mzee ndiye aliyejibu. Aliweka kiganja juu ya gome la mkwaju, akakaa kwenye mzizi, akafungua chupa yake ya maji. "Kijana," alimwambia aliyekuwa karibu, "mtu akifika kambini hutua mzigo. Mimi nimefika."

Tulikaa dakika ishirini. Alitusimulia juu ya babu yake, ambaye hakumwona ila kwa maneno ya baba, na juu ya rafiki zake wa duarani, ambao wengine hawakurudi nyumbani kama yeye. Kisha tulirudi, na saa tatu kasoro dakika kumi alikuwa amekwisha kupanda gari. Jioni nilimpigia simu. Hakuwa na homa, hakuwa na maumivu ya kifua, nyayo zake hazikuwa na lengelenge. Aliniuliza kama mita 330 zinaweza kuwa 360 kufikia mwaka ujao.

Nilimwambia aendelee na nusu saa yake ya kila siku, na mwezi wa Mei tutampima tena katika ukumbi ule ule wa mita 30. Zikifika 360, tutaisogeza alama ya kugeukia mbele ya mkwaju. Zisipofika, mkwaju utabaki pale pale, na tutaufuata tena.